Eti ni ya mtoto wa mkubwa

Bango lilisimikwa kwenye kona ya mtaa wetu siku chache kabla greda halijafika. Bango la kawaida la mradi: jina la mradi, mteja, mkandarasi, mhandisi mshauri, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Mtaro wa maji ya mvua, kutoka barabara ya juu hadi huku kwetu bondeni.

Masika yalipokolea tulikuwa tunalitazama bango lilelile huku tumepandisha suruali na madera hadi magotini. Mtaro ulichimbwa nusu, ukaachwa. Kuta hazikujengwa. Maji yaliyokuwa yakitawanyika zamani sasa yalikuwa yamechongewa njia, na njia yenyewe inaishia kwenye sebule zetu. Mzee mmoja jirani yangu, aliyepoteza godoro na magunia mawili ya mchele usiku ule, alinyoosha fimbo yake kwenye mstari wa mkandarasi.

"Mnajua hii kampuni ya nani? Eti ni ya mtoto wa mkubwa."

Akamtaja mkubwa kwa jina. Watu wakaguna, mguno ule wa mtu aliyekuwa anajua siku zote.

Mimi sikuguna. Mtoto huyo nilimfundisha hesabu.

## Saa kumi jioni

Nitamwita Idi; silo jina lake. Miaka 15 iliyopita alikuwa darasa la tano, nami nilikuwa nimemaliza chuo, sijaajiriwa, naishi kwa tuisheni za nyumbani. Baba yake alikuwa na cheo cha kuonekana kwenye taarifa ya habari ya saa mbili karibu kila wiki. Nilikwenda kwao mara tatu kwa wiki, saa kumi jioni. Mlinzi alinifungulia geti, dada wa kazi alileta juisi, Idi alikuja na daftari lake lenye jalada la gazeti kama la mtoto mwingine yeyote.

Mwaka huo baba yake aliandikwa sana magazetini. Kulikuwa na fedha za madawati ya shule ambazo zilitoka na madawati hayakufika. Kamati iliundwa, ripoti haikusomwa hadharani, na baada ya miezi kadhaa baba alihamishiwa cheo kingine. Ndivyo ilivyokwisha kwa baba.

Kwa Idi haikwisha hivyo. Siku moja alikaa mbele yangu bila kufungua daftari. Mwalimu wao wa darasa, mbele ya wanafunzi zaidi ya 60 waliokuwa wamebanana, watano kwenye dawati la watatu, alikuwa amesema, "Muulizeni Idi, madawati yenu yako kwao."

Mtoto akaniuliza kwa sauti ya chini, ili dada wa kazi asisikie: "Mwalimu, ni kweli yako kwetu? Maana nimeyatafuta hata stoo. Hayapo."

Alikuwa amezunguka nyumba nzima. Alifungua vyumba vya wageni, akaangalia nyuma ya tangi la maji, akamwomba mlinzi funguo za stoo.

Nikamwambia afungue ukurasa wa sehemu, tuendelee na zoezi.

Jibu hilo limenikaa miaka 15. Nilikuwa na miaka 24, nalipwa na baba yake, na sikuwa na neno la kumpa mtoto wa miaka 11 anayetafuta ukweli wa taifa ndani ya stoo ya mama yake. Nilichobaki nacho ni hasira kwa yule mwalimu wa darasa, na kutokana na hasira hiyo nikajiwekea msimamo: watoto waachwe. Watu wakianza kujadili mtoto wa waziri kasoma wapi, binti wa katibu mkuu kavaa nini, mimi ninatoka kwenye mazungumzo.

## Neno letu halina umri

Msimamo huo ulinitosha hadi siku ya mtaro.

Nikiwa nimesimama kwenye maji nilipiga hesabu: Idi ana miaka 26. Alisoma uhandisi, nilifurahi sana niliposikia. Kama kampuni ile ni yake kweli, basi aliyetuachia shimo wazi ni mkandarasi mtu mzima, na mzee wangu mwenye fimbo ana haki yote ya kumuuliza. Kwa nini basi moyo wangu ulikimbilia kumkinga kana kwamba bado anatafuta funguo za stoo?

Nadhani Kiswahili chenyewe kinatuchanganya. Kwetu mtu haachi kuwa mtoto wa fulani. Dokta Hussein Mwinyi alipoapishwa kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 2020 alikuwa na miaka 53, amekuwa mbunge tangu 2000, amekaa Wizara ya Ulinzi kwa miaka mingi, na bado vijiweni alikuwa "mtoto wa Mzee Ruksa", yaani Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi. Amani Karume alichukua kiti hichohicho mwaka 2000, miaka 28 baada ya baba yake, Rais wa kwanza wa Zanzibar, kuuawa. Yeye na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, ndio waliokaa wakazungumza hadi Zanzibar ikapata serikali ya umoja wa kitaifa mwaka 2010. Ukimwita "mtoto wa Karume" umesema kweli, lakini hujasema lolote kuhusu alichofanya, kiwe kizuri au kibaya.

Neno ni moja kwa mtoto wa darasa la tano na kwa rais. Ndiyo maana yule mwalimu aliweza kumpa Idi mzigo wa baba yake, na ndiyo maana mimi, miaka 15 baadaye, nilitaka kumpa mhandisi msamaha wa mtoto wa darasa la tano. Yeye alikosea kwa ukali, mimi kwa huruma.

Novemba 2025, baraza jipya la mawaziri lilipotangazwa, Wanu Hafidh Ameir akawa Naibu Waziri wa Elimu na mumewe, Mohamed Mchengerwa, akawa Waziri wa Afya. Mmoja ni binti wa Rais Samia, mwingine mkwewe. Mtu akiuliza hapo haulizi habari za mtoto. Anauliza habari za mamlaka ya uteuzi na aliyeteuliwa. Wanu alikuwa ameshakaa Baraza la Wawakilishi kabla ya hapo, na anayemtetea ana hoja ya kuanzia. Lakini swali lenyewe ni halali, na halikupaswa kuulizwa kwa kunong'ona.

Sisi tulinong'ona.

## Fomu

Wiki hizo sikulala vizuri. Nikaanza kutafuta kama kuna mahali ambapo swali la mzee linaweza kupelekwa likapata jibu.

Kila mwisho wa mwaka viongozi wa umma hujaza tamko la rasilimali na madeni na kulipeleka Sekretarieti ya Maadili. Nilikuwa nalijua hilo kama wengi wanavyolijua, kwa picha za wakubwa wakikabidhi bahasha. Safari hii nikasoma sheria yenyewe, Na. 13 ya mwaka 1995. Kiongozi anatakiwa kutaja mali zake, mali za mwenza wake, na mali za watoto wake ambao hawajafikisha umri wa utu uzima na hawajaoa wala kuolewa.

Nilirudia sentensi hiyo mara kadhaa.

Mtoto wa miaka 9 ana nini? Ana baiskeli na labda akaunti aliyofunguliwa na shangazi. Huyo ndiye anayetakiwa kwenye fomu. Siku anapotimiza miaka 18, siku anapoweza kusaini mkataba, kusajili kampuni, kuwa mkurugenzi na kununua kiwanja kwa jina lake, siku hiyohiyo anatoka kwenye fomu ya baba. Majirani zetu Kenya, kwenye sheria yao ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003, waliweka mpaka palepale: watoto wanaotegemea wazazi, walio chini ya miaka 18.

Kwa hiyo fomu inamtazama mtoto katika miaka ambayo hakuna cha kutazama. Na sisi mtaani, bila kusoma sheria yoyote, tunafanya kitu kinachofanana: yule wa miaka 11 tunamwandama mbele ya darasa, huyu wa miaka 26 tunamgunia.

Si jambo la jana. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa kali kuliko sheria yoyote tuliyonayo leo. Kiongozi asiwe na hisa kwenye makampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Lakini lilipoeleza kiongozi ni nani, lilisema ni mtu, au mtu na mkewe. Mwanamke, au mwanamke na mumewe. Watoto hawakutajwa. Mama yangu alikuwa karani wa masjala miaka ya sabini. Nilipomsomea mstari huo alitikisa kichwa, akaniambia nyumba za kupangisha hazikuwahi kukosekana, ila kwenye karatasi mwenye nyumba alikuwa Asha wa darasa la pili. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti yakalegezwa, na hapakuwa tena na haja kubwa ya kumsumbua Asha.

## Nilichokikuta

Jina la kampuni lilikuwa kwenye bango, kwa hiyo nililipia nikaangalia taarifa zake BRELA, kwa wasajili wa kampuni.

Jina la Idi halikuwemo.

Nilishusha pumzi. Nikampigia mama, nikamwambia kijana wangu hana hatia. Mama, ambaye ameshika mafaili ya watu miaka 30, akaniuliza, "Kwani walioandikwa humo ni akina nani?" Walikuwa watu wawili nisiowajua. "Basi hujajua kitu," akasema.

Alikuwa sahihi. Tangu mwaka 2020 sheria inazitaka kampuni zitaje wamiliki manufaa, yaani wale ambao faida inaishia mifukoni mwao hata kama majina yao hayako mbele. Rejista hiyo ni kwa ajili ya mamlaka. Mtu kama mimi, aliyeingiliwa na maji sebuleni, haifungui akaisoma. Tamko la baba nalo lina masharti ya nani alione na kwa sababu gani. Upande wa pili, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inanisubiri nikiandika uongo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote.

Sipingi uongo kuadhibiwa. Lakini mlango wa kuthibitisha umefungwa, na mlango wa kubahatisha una askari. Watu wakikaa katikati ya milango hiyo hawaachi kuuliza. Wanaanza kuuliza kwa kuguna.

Hapo ndipo nilipojihoji vibaya zaidi. Usiku ule wa mafuriko, kabla ya kutafuta chochote, nilimwambia mama kwenye simu kwamba kampuni ni ya mtoto wa fulani. Nilisema "wanasema". Nilimwambia na dada yangu wa Morogoro. Sikuguna pale mtaroni, lakini nilibeba mguno nikaufikisha mbali kuliko fimbo ya mzee.

## Ujumbe

Namba ya mama yake Idi nilikuwa nayo. Nikaomba ya kijana, nikapewa bila maswali. Nilimwandikia jioni, saa kumi, bila kukusudia saa hiyo.

"Shikamoo Mwalimu," alijibu haraka sana, na alama nyingi za furaha. Tukaulizana afya, kazi, ndoa. Nikamweleza habari ya mtaro. Nikaona ile alama ya kwamba anaandika, inatokea, inapotea, inatokea.

"Mwalimu, hata nikikwambia si yangu, utaniamini?"

Nilitaka kuandika ndiyo. Vidole vilikuwa tayari. Lakini huyu kijana hakuwahi kudanganywa na mahesabu yangu, na sikutaka kuanza sasa. Nikamwandikia ukweli: "Nataka kukuamini, mwanangu. Sina cha kushikilia."

"Ndivyo ninavyoishi," akaandika.

Kisha akanieleza. Tangu amalize chuo, kila jengo linaloinuka karibu na kwao linasemwa ni lake. Aliomba kazi kwenye kampuni moja, akapata, wenzake wakasema baba kapiga simu. Hajui kama baba alipiga. Hilo ndilo lililonishika: hajui. Alimuuliza, baba akacheka. Kuna siku anaamini alishinda usaili mwenyewe, kuna siku haamini.

Nilikuwa nimezoea kudhani siri inamlinda mtoto wa mkubwa. Inamlinda mwizi, hilo halina ubishi. Huyu asiyeiba inamwacha bila hata karatasi moja ya kuonyesha. Rejista ambayo ingemfichua Idi kama ana hatia ndiyo pekee ingemsafisha kama hana. Na mpaka leo, ninapoandika, sijui yuko upande gani.

## Kwa wenzetu

Nimeangalia jinsi wengine wanavyouliza, na sikufarijika sana.

Kenya, mwaka 2022, miezi michache baada ya William Ruto kuingia Ikulu, binti yake Charlene alijitokeza na kitu alichokiita Ofisi ya Binti wa Kwanza. Wakenya wakamuuliza wazi, kwa jina: ofisi hiyo iko kwenye katiba ipi, na nani anailipia? Alilazimika kujibu kwamba ni ya binafsi, si ya kikatiba, na haitumii kodi ya mwananchi. Wengine walimtukana sura na mavazi, nami nililichukia hilo. Ila kiini cha swali kilikuwa fedha na ofisi, na jibu lilitoka.

Uganda ni habari nyingine. Muhoozi Kainerugaba ni mtoto wa Rais na tangu Machi 2024 ni Mkuu wa Majeshi. Oktoba 2022 aliandika mtandaoni kwamba yeye na jeshi lake hawangechukua hata wiki mbili kuiteka Nairobi. Baba akawaomba Wakenya radhi, na katika siku hizohizo akampandisha mwanawe cheo kuwa jenerali kamili. Mwandishi mmoja wa riwaya aliyemkejeli Muhoozi na baba yake kwenye Twita alikamatwa mwishoni mwa Desemba 2021. Alipoachiwa alionyesha makovu mgongoni na mapajani, kisha akakimbilia Ujerumani. Maneno aliyoandika yalihusu unene wa mtu, na mimi nisingeyaandika. Lakini mtu mzima mwenye bunduki na cheo alistahimiliwa akitishia nchi jirani, na mwenye kalamu akachanwa ngozi.

Halafu kuna Nepal, ambayo siwezi kuacha kuifikiria. Septemba 2025 vijana wa kule walikuwa wameweka picha za watoto wa wanasiasa, na mabegi yao ya thamani na safari zao, kando ya picha za vijana wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za jua kali, na majeneza yanayorudi. Huku kwetu tunaijua safari hiyo ya Ghuba. Mtaani kwangu tu nina mabinti wanne wako Muscat na Riyadh. Serikali ikafunga mitandao 26. Tarehe 8 vijana wakaingia barabarani wakapigwa risasi, tarehe 9 Waziri Mkuu Oli akajiuzulu na bunge likawaka moto. Waliokufa walizidi 70.

Wengi waliposoma habari zile walishangilia. Mimi nilikwama kwenye zile picha. Baadhi ya waliokuwa ndani yake walikuwa watu wazima wanaofaidi. Je, na wadogo? Kwenye nyumba zilizochomwa kulikuwa na wa darasa la tano? Moto hauulizi umri. Na swali lililonyimwa fomu na rejista, siku likipata njia yake, hupita kama maji yale ya kwetu bondeni.

## Mkutano wa mtaa

Jumapili iliyopita mwenyekiti aliitisha mkutano chini ya mwembe. Mzee mwenye fimbo alikaa mbele. Zamu yangu ilipofika nilisimama na karatasi, kwa sababu nilijua nitatetemeka.

Sikumtaja mkubwa. Sikumtaja Idi. Niliomba mambo matatu: tuonyeshwe mkataba wa mtaro, tuambiwe mkandarasi amelipwa kiasi gani hadi sasa na nani alisaini kwamba kazi imefikia hatua ya kulipwa, na halmashauri iombe mamlaka husika ithibitishe kwa maandishi wamiliki manufaa wa kampuni ile ni akina nani. Mtendaji aliandika. Alisema atalipeleka juu.

Tulipotawanyika mzee alinifuata polepole, akikwepa madimbwi. "Mwalimu, jina tunalo. Umeliogopa?"

"Siliogopi, baba. Nalitaka kwenye karatasi yenye muhuri."

Aliniangalia kwa muda. Hakukubali, naona, ila hakubisha. Akaniambia magunia yake ya mchele muhuri hautayarudisha, na hilo sikuwa na la kulijibu.

Usiku nilimwandikia Idi nilichoomba mkutanoni, neno kwa neno, pamoja na lile la wamiliki. Sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Ile alama ya kuandika ilitokea, ikapotea. Nikaweka simu pembeni, nikaenda kuhamisha ndoo, maana mvua ilikuwa imeanza tena.

Niliporudi nilikuta jibu lake.

"Wakikupa hiyo karatasi, Mwalimu, naomba na mimi nakala."